Tupeane uzoefu: mizizi iteremke vipi kwenye vyungu vya kujinywesha?

Darini Kibokoni (mwanzisha mada)

Assalam alaykum wapenzi wa bustani. Bustani yangu iko darini, ghorofa ya tatu, na maji ya mfereji kwetu ni bahati nasibu. Ndiyo maana nikaingia kwenye hivi vyungu vya kujinywesha. Nilitengeneza sita kwa ndoo za rangi za lita 20: ndoo ndani ya ndoo, chini tangi, juu udongo, katikati utambi wa khanga kuukuu, na kipande cha bomba pembeni cha kujazia maji.

Nikahamisha miche ya nyanya asubuhi, nikajaza tangi pomoni, nikakaa kungoja muujiza. Siku ya kumi majani ya chini yakageuka manjano. Siku ya kumi na sita mche wa kwanza ulilala. Nilipoung'oa, mizizi yote ilikuwa bado kwenye bonge lile lile ilotoka nalo kitaluni, imejizungusha kama kata ya kubebea mtungi kichwani. Hata mmoja haukushuka. Udongo wa chini ulinuka kama tope la mikoko maji yakipwa.

Tangi limejaa, mche umekufa. Nipeni yenu, lakini mliyoyafanya kwa mikono yenu, si ya kusikia.

Mama Miche, Kisauni

Pole mwanangu. Umeukirimu mno. Mzizi unataka unyevu, lakini unataka na hewa vilevile. Ukijaza tangi siku ya kwanza, udongo wa chini unalowa chepechepe na hewa yote inatoka, kwa hivyo hata mzizi ukijaribu kushuka unaoza ncha. Nawe huenda ulikuwa ukiunyunyizia maji kidogo kidogo juu kila jioni ukiona umenyong'onyea, siyo? Basi ushuke uende wapi?

Mimi wiki mbili za mwanzo tangi nahakikisha ni tupu. Namwagilia kutoka juu, maji mengi kwa mkupuo mmoja, mpaka nione yanatoka kwenye tundu la pembeni mwa tangi. Hapo nayamwaga maji yote yaliyoshukia tangini, halafu siugusi mche tena. Kesho yake natia kidole. Kikiwa kikavu mpaka kiungo cha pili ndiyo narudia. Juu pakikauka na chini pana unyevu wenye hewa, mizizi inajua njia. Wiki ya tatu natia maji ya nusu tangi, nangoja yaishe, naacha tangi kavu siku moja ndipo natia tena.

Dalili yangu ni moja: tangi likianza kupungua haraka, mizizi imefika. Likikaa wiki nzima halijashuka, usijidanganye, mche bado unakunywa unyevu wa juu.

Na hiyo kata, usiipande ilivyo. Mimi naifumua kwa vidole, na iliyokaza naikata kwa wembe pande tatu. Nyanya uifukie mpaka karibu na majani ya kwanza ya kweli, shina lake linatoa mizizi. Bilinganya na pilipili sizifukii hivyo. Halafu asubuhi, na jua hili la kaskazi? Panda jioni, na siku tatu nne uweke kivuli, hata shuka.

Mvuvi Mstaafu, Likoni

Kwa heshima ya Mama Miche, mimi nahitilafiana naye kidogo. Najaza siku ya kwanza na mchicha wangu haujawahi kufa. Lakini vyungu vyangu ni vifupi, na robo tatu ni usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, si udongo. Usumba unashika maji na bado unapumua. Udongo mzito ukilowa ni ugali tu. Kwa hivyo, dada, huenda kosa halikuwa kwenye tangi, lilikuwa kwenye ulichokijaza juu yake.

Tahadhari: huku kwetu makumbi hufukiwa kwenye tope la bahari ndipo yapondwe, basi usumba huo una chumvi. Nauroweka kwenye maji matamu na kuyamwaga mara tatu. Mara ya kwanza nilifanya uvivu, mchicha ukatoka na kingo zilizoungua kama umepitishwa motoni. Na mchanga wa ufuoni msithubutu.

Mama Miche, Kisauni

Mzee wangu, mchicha unavunwa wiki tatu nne, mizizi yake haina safari ndefu. Nyanya inakaa miezi. Ila kuhusu udongo mzito uko sawa, nakukubalia.

Kijana wa Tudor

Mbu jamani! Mdomo wa bomba ufunikeni kwa wavu na kifuniko. Mwaka jana tangi langu lilikuwa na viluwiluwi wa mbu wanacheza. Dengi sisi watu wa Mombasa tunaijua, na mbu wake anapenda maji ya vyombo kama haya.

Asumini ya Mama, Majengo

Langu ni la asumini, si mboga. Mamangu anachuma jioni kwa vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, kwa hivyo mti ukifa nami sina pa kulala. Niliuhamishia chungu cha tangi, nikatumia maji ya kisima chetu, ambayo yana chumvi. Miezi miwili, juu ya udongo pakaota ukoko mweupe na majani yakaanza kukauka kwenye ncha. Ndipo nikaelewa: maji yanapanda kutoka chini, jua linayanywa, chumvi inabaki juu. Chungu cha kawaida ukimwagilia, chumvi inashuka na kutoka. Cha tangi haina pa kutokea.

Sasa kila mwezi naukwangua ukoko, namwaga kutoka juu maji matamu mitungi miwili mpaka tundu la pembeni litiririke, kisha nalipindua tangi. Masika mvua inanifanyia kazi hiyo bure. Kuhusu mizizi, nilifanya kama Mama Miche bila kujua, kwa sababu tu tangi lilikuwa na ufa na sikuligundua wiki tatu!

Kijana wa Tudor

Swali kwa wote: utambi wa khanga au wa nailoni?

Mvuvi Mstaafu, Likoni

Khanga ni pamba, udongoni inaoza. Tumia kamba ya nailoni iliyosokotwa, lakini ujaribu kwanza: itumbukize ncha kwenye kikombe cha maji, uone kama inapandisha. Nyingine hazipandishi kitu. Na utambi uuloweshe kabla ya kupanda, mkavu hauanzi kazi.

Darini Kibokoni (mwanzisha mada)

Nimerudi. Nilikuwa na miche miwili iliyobaki. Mmoja niliuweka kwenye kidumu cha maji cha lita 5 kinachoonyesha ndani, nikakikata shingo na kukivika mfuko mweusi ili mizizi isipigwe na mwanga. Udongo nusu, usumba uliooshwa nusu, kata nimeikata kwa wembe roho ikiniuma. Tangi tupu. Kila jioni navua mfuko nachungulia.

Siku ya tano hakuna kitu. Siku ya tisa uzi mweupe mmoja ukingoni, urefu wa kijiti cha kiberiti. Jana, siku ya kumi na tisa, nimehesabu kumi na mmoja, na mitatu imeshafika kwenye utambi, imeuzungukazunguka kama mtu anayeonja chai kabla ya kuinywa. Leo asubuhi nimetia vikombe viwili vya maji kwenye tangi. Mdomo nimeufunga kwa kipande cha chandarua, Kijana wa Tudor usinigombeze.

Ule mche wa pili niliufanya vilevile lakini sikuikata kata yake, kwa kulinganisha. Huo bado unanyong'onyea kila adhuhuri. Niung'oe niikate sasa, au nimechelewa?