Yule fundi mnayemjua leo kaniambia "shokapu nzima, mzito ni wewe"

Mzee wa Mawe
Wakuu, salamu baadaye. Sijaoga, mikono yote grisi, naandika nimekaa juu ya ndoo na hasira imenijaa mpaka kwenye kope.

Yule fundi. Sitaji jina maana mnamjua, kama una chombo chenye matairi Mwanza hii na kimewahi kukorofisha basi ameshakula hela yako. Yule ambaye ovaroli lake rangi ya mwanzo hata mkewe haikumbuki. Yule wa "lete tu mkuu, hiyo kazi ndogo".

Leo huyo kiumbe kaniambia mbele za watu, mbele ya mama wa samaki, mbele ya boda sita na mtoto wa shule anafyonza ubuyu: "Kaka, shokapu nzima. Mzito ni wewe. Punguza ugali."

PUNGUZA UGALI. Mimi wa kilo 84!

Ngoja nianze mwanzo maana wengine mtasema nimechokoza. Nina Raptor 700R, pikipiki ya matairi manne, siyo kile kikwadi cha kukodi ufukweni dakika kumi unapigwa picha, Yamaha yenyewe, silinda moja sisii 686, shokapu za mbele zinampa gurudumu milimita 230 za kupanda na kushuka, nyuma 256, yaani mnyama kaumbwa aruke tuta atue kama paka. Sasa aliyeniuzia alikuwa anaipigisha mchanga wa Igombe kila Jumapili bila kuigusa hata spana, nikaipata mbele sili zinatoa jasho, nyuma ukikaa inazama kama mtumbwi umepakia dagaa kupita kiasi. Nikasema wacha niirudishie ujana. Nikaagiza sili, bushi, beringi za swingiamu, bol jointi nne, springi mpya ya nyuma yenye ubavu kuliko ile ya kiwandani, na mafuta ya shokapu yenyewe, yale mepesi kama chai ya hospitali. Miezi miwili nasubiri mzigo. Ada ya mtoto ilisubiri pia, hilo tuliache.

Nikampelekea kila kitu kwenye boksi. Nikamwelekeza kama namwelekeza mkwe: kaka humo ndani kuna gesi ya naitrojeni, siyo upepo, toa presha kwanza kabla hujafungua isije ikakutoa jicho. Halafu zile washa nyembamba za kwenye pistoni zimepangwa kama chapati, kila moja na ukubwa wake, ndizo zinaamua mafuta yapite haraka au taratibu, ukizitoa zifunge kwenye waya kwa mpangilio ule ule. Yeye "nimeelewa, nimeelewa", huku anachokonoa sikio kwa bisibisi.

Leo naenda kuchukua. Cha kwanza naona chupa ya mafuta yangu iko dirishani, haijafunguliwa, imeshikilia pazia. Namuuliza humo ndani umeweka nini, ananiambia oili ya injini, ile nzito ya fote, "ile ina nguvu zaidi". Naitrojeni je? Kajaza upepo kwa kompresa ya pancha! Ile ile inayojazia baiskeli za wauza mkaa! Na springi mpya kaikata kwa grainda kwa sababu "ilikuwa ndefu". Miezi miwili nimesubiri springi, kaikata duara moja na nusu, kile kipande kakitundika ukutani kinabeba funguo.

Nikakaa juu. Mbele haikushuka hata unywele, ni kama nimekalia Jiwe la Bismarck. Nyuma ikashuka yote, ikagonga chini KO, ikabaki huko huko. Nikashuka mimi, yenyewe bado iko chini. Tukaitazama. Mama wa samaki akauza sato wawili na kurudisha chenji. Ndiyo ikaanza kupanda, polepole, kama mzee anainuka kwenye mkeka. Na washa moja nikaikuta kwenye kizibo cha soda, namuuliza hii ya wapi, anasema "hiyo ilizidi".

Halafu ndiyo akasema lile neno. Mama wa samaki alicheka mpaka akashika meza. Boda wakaanza kunipigia makofi. Punguza ugali! Na 250,000 yake nilishampa KABLA.

Sangara Mkavu
Nimekaa paleee kwa wanaosoma komenti

Dada wa Mabatini
Mkuu hizo kilo 84 ni pamoja na helmeti au ni mguu mmoja tu

Mzee wa Mawe
@Dada wa Mabatini nimekuja hapa kulia wewe unanipima

Bwana Grisi
Pole sana. Kwa kifupi tu kwa wanaojifunza, hiyo nyuma inavyochelewa kupanda ni oili nzito, haipiti haraka kwenye vile vitobo vya pistoni wakati wa kurudi. Ukienda nayo barabara ya matuta, tuta la kwanza inashuka, kabla haijarudi tuta la pili limefika, inashuka tena, mpaka la tano unaendesha chombo kisicho na shokapu kabisa. Na upepo wa kompresa una maji maji ndani yake, shokapu ikipata moto presha inapanda ovyo. Naitrojeni ni kavu ndiyo maana inatumika. Kukata springi sina la kusema, ile inayobaki inakuwa ngumu zaidi halafu fupi haijibani mahali pake, umepata hasara mara mbili kwa grainda moja. Ukipata nyingine, kaa juu na vazi lako lote mtu apime, inatakiwa ilale kama theluthi ya safari yake yote ya kupanda na kushuka, hapo ndiyo unaanza kugusa skrubu za kuirekebisha.

Mzee wa Mawe
@Bwana Grisi asante sana mkuu, hayo yote nilimwambia, kila neno, na jibu lake unalijua. Punguza ugali. Tena alilisema kwa upole! Angefoka ningepigana naye, lakini alisema kwa upole kama daktari wa Bugando anakupa majibu.

Mtoto wa Kayenze
Chai hii. Bila picha uzi haujakamilika. Tunataka picha ya springi na picha ya tumbo

Sangara Mkavu
Ya tumbo kwanza

Bibi Michembe
Ng'wanawane pole. Ila na wewe mtu mzima na ada ya mtoto unanunuaje pikipiki ya miguu minne ya kurukia matuta, matuta ya Buhongwa hayakutoshi?

Spana 17
Mimi naona mnamwonea tu fundi wa watu. Kwanza oili fote iko vizuri, pikipiki za mizigo zote zinatumia. Springi kweli ilikuwa ndefu. Na jamaa ukimwona ni mzito, tuseme ukweli.

Dada wa Mabatini
@Spana 17 umejuaje springi ilikuwa ndefu

Mtoto wa Kayenze
@Spana 17 umejuaje springi ilikuwa ndefu 😂😂😂

Spana 17
Nimeambiwa tu

Mzee wa Mawe
NI YEYE. Wakuu ni yeye huyo. Wewe mtu rudisha hela yangu na kile kipande kilichobeba funguo.

Spana 17
Mimi niko Shinyanga sijui chochote

Nahodha Mstaafu
Nyie mnalia na kwadi, chombo kikifa unashuka unakisukuma. Mimi fundi wa mashine ya boti alinifungia injini ile ya farasi 15, pini ya pangaboi kaweka msumari. MSUMARI wa nchi tatu. Tumetoka Kayenze saa tisa usiku kufuata nyavu, katikati ya maji msumari ukakatika, injini inanguruma pangaboi limesimama, upepo unatupeleka unakojua wenyewe. Tumepiga makasia mpaka jua la saa nne. Nafika gereji namwambia, ananijibu "ungeenda na msumari wa akiba".

Sangara Mkavu
Hahahaha msumari wa akiba 😂 huyu na wa punguza ugali ni mtu na kaka yake

Mzee wa Mawe
Pole nahodha lakini turudi kwenye mada, wewe hukutukanwa mwili

Nahodha Mstaafu
Nimetukanwa akili, bora mwili

Bwana Grisi
Mkuu toa ile nyuma usiendeshe kabisa, na kabla hujaifungua toa upepo kwenye valvu taratibu. Chukua oili yako dirishani. Shida ni naitrojeni tu, uliza wale mafundi wa viyoyozi, wanatumia kupimia mabomba kama yanavuja, mitungi wanayo. Waambie wawe na regyuleta ya kupunguza presha, siyo kufungua tu mtungi puu.

Dada wa Mabatini
Mafundi viyoyozi usiniambie. Alikuja mmoja saluni kwangu kutazama kwa nini haipoozi, kakaa chini yake masaa mawili, kalala. Kweli kalala na koroma juu. Namwamsha, namuuliza vipi, anasema "inapooza vizuri sana dada, mpaka usingizi umenipitia". Akadai elfu thelathini ya kupima.

Mtoto wa Kayenze
Huyo kakupimia kwa mwili wake mwenyewe ni haki yake alipwe

Bibi Michembe
Wa cherehani ndiyo mnawasahau. Nguo ya harusi ya mwanangu kaishona kwa vipimo vya mteja mwingine, akaniambia nikonde kabla ya Jumamosi.

Mzee wa Mawe
Bibi huyo hana tofauti na wangu!! Naona huu ni ugonjwa wa mji, kila fundi akikosea mteja ndiye akonde. Mimi bado sauti yake naisikia. Nilipokuwa naondoka naisukuma, maana haiendesheki, yule mtoto wa ubuyu akanikimbilia nikajua ananisaidia, kumbe anauliza "anko, ugali wa mahindi au wa udaga?"

Sangara Mkavu
Sasa ni wa gani mkuu, usituache njiani

Mtoto wa Kayenze
Ipeleke Geita kuna vijana wa migodini wanazijua haidroliki. Siku hizi unavuka darajani Kigongo fasta huna kisingizio cha foleni ya kivuko

Nahodha Mstaafu
Daraja zuri ila nimekosa wale samaki wa kukaanga wa kivukoni, mtu unashuka kwenye gari unasubiri pantoni huku unatafuna. Sasa unapita juu kwa spidi na njaa yako.

Dada wa Mabatini
Jamani wale sato!! Na pilipili ya ndimu kwenye karatasi ya daftari la shule

Bibi Michembe
Sato siku hizi bei gani huko Kirumba? Mimi nimeuziwa mmoja mdogo kama kandambili ya mtoto elfu nane

Sangara Mkavu
Elfu nane umeonewa bibi, labda ulimkuta akiwa na macho mazuri

Nahodha Mstaafu
Nenda saa kumi na mbili asubuhi, siyo saa nne wakati mabwana wa hoteli wameshachagua. Na umguse shavu aone unajua.

Mzee wa Mawe
Wakuu na uzi wangu?

Bibi Michembe
Nimguse shavu muuzaji au sato?

Nahodha Mstaafu
Sato bibi 😂

Spana 17
Kuna sato wazuri kwa yule mama jirani na gereji, mwambieni mimi nimewatuma atapunguza

Dada wa Mabatini
Gereji ya Shinyanga?