Kisu cha kukunja kutoka nje, unajuaje kama ni kizima kabla hujalipa?

Mkulima_Muheza:
Wakuu habari za jioni. Mzee wangu anabebesha miche ya machungwa (anaunganisha kikonyo cha mche mmoja kwenye shina la mwingine) huku Muheza, kisu chake kimeisha kwa kunolewa, nikamnunulia kimoja cha kukunja mjini kimeandikwa Laguiole na kina nyuki mgongoni, muuzaji akaapa kimetoka Ufaransa. Wiki ya pili tu kinacheza kama jino linalotaka kung'oka, na akikata kijiti kigumu makali yanajikunja. Imeniuma maana mzee alifurahi sana. Nataka kingine, nyie mnaangalia nini?

kinoo_cha_babu:
Pole sana ndugu. Laguiole ni kijiji kweli kiko Ufaransa, ila kwa miaka mingi jina lilikuwa halina mwenyewe kisheria, yeyote akigonga nyuki wake anauza, ndo maana vya China na Pakistani vimejaa. Hata vya Ufaransa vyenyewe vingi vinatengenezwa mji wa Thiers. Mji wa visu wa Solingen kule Ujerumani angalau jina lake linalindwa na sheria tangu 1938, lakini mhuri nao unafojiwa, mimi maandishi nasoma mwisho kabisa.

Kwanza kifungue, shika mpini mkono mmoja na ubapa mkono wa pili, sukuma kushoto kulia halafu juu chini. Kikicheza kikiwa kipya rudisha, riveti (ile pini inayoshika ubapa) haitajikaza yenyewe. Kikunje uone kama ubapa unakaa katikati au unakwangua upande. Halafu kielekeze kwenye taa, penye mwanya kati ya springi na mpini hiyo ni kazi ya kulipua. Loki, ile inayozuia ubapa usijikunje, jaribu kwa kukandamiza mgongo wa kisu mezani taratibu, VIDOLE VIKAE MBALI na njia ya makali, nimeshona watu wawili mimi hapa zahanati kwa sababu ya loki iliyoachia.

Mama Vitalu:
Kwa kubebesha mie natumia Opinel namba 8, kisu cha kukunja cha Ufaransa, ubapa sentimita 8 na nusu, ile pete ya kufungia shingoni waliiweka tangu 1955 na haijanisumbua. Ziko aina mbili, ya carbone (chuma cha kaboni) inashika makali vizuri na kunoa rahisi ila utomvu unaifanya nyeusi na usipoifuta inashika kutu, na ya inox (stainless) haina shida hiyo. Mpini wa mti ukilowa unavimba hadi kisu kinagoma kufunguka, mzee asikiache kwenye ndoo.

Bandari_Kavu:
Mbona hamtaji Okapi jamani, babu zetu wote walikuwa nacho. Kilianza Ujerumani 1902 kwa ajili ya kuuzwa makoloni ya Afrika, tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Chuma cha kawaida kinaota kutu lakini unakinoa hata kwenye jiwe la mtoni. Kinacheza kidogo, hilo nakubali, kwa kukata vikonyo vya miche sikishauri, kwa kazi za shamba hakina mpinzani.
Na wachina msiwaweke kapu moja, kiwanda kinachoandika aina ya chuma kwenye ubapa, mfano 8Cr13MoV au D2, mara nyingi kinajua kinachofanya. Kikiandikwa "stainless" tu basi hapo hujaambiwa kitu.

Mkulima_Muheza:
Asanteni mno. Nimekwenda kukiangalia tena hiki kwenye taa, mwanya unaingia kadi ya simu. @Mama Vitalu, kwa machungwa ungechukua carbone au inox? Mzee anafuta kisu kwa spiriti kila mche.

Mama Vitalu:
Kama anafuta kila mche mpe carbone, jioni apake mafuta ya nazi kidogo.