Tupeane uzoefu: kununua nyumba Mtwara au Lindi kupitia dalali

Mgeni wa Kusini: Wakuu, nimehamishiwa kikazi Mtwara mjini na nataka kununua nyumba, hata boma la kumalizia. Chikongola na Magomeni kila ninayemuuliza ni dalali, au ana shemeji dalali. Mlionunua huku au Lindi, mlikwenda nao vipi? Alilipwa na nani? Za kusikia tuziache, leteni yaliyowakuta.

Korosho Ghafi: Nilinunua Mangamba. Dalali alitaja milioni 38, "mwenye nyumba yuko Dar, hapatikani". Mjumbe wa mtaa akanipa namba ya mwenye nyumba hapo hapo. Kumbe anataka 31! Saba nzima ni cha juu, nyongeza ya dalali mwenyewe. Sikumzunguka dalali, maana mji wenyewe huu mdogo. Niliwakutanisha, muuzaji akakubali kumtoa asilimia tano. Alinuna, lakini alipokea.

Binti Mikindani: Yangu ndefu kidogo. Nyumba ya marehemu, wanauza watoto, dalali anaapa kwamba wote wameridhia. Nikatoa kishika uchumba, yaani malipo ya awali, milioni mbili. Siku ya kuandikishana akaingia mjomba wao kutoka Newala, hana habari yoyote. Wenyeji mnajua, huku mali ya ukoo wa mama haiuzwi mjomba akiwa hajui, hata kama karatasi hazimtaji. Dalali simu ikawa haipokelewi.

Nikawauliza barua ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo. Hawana! Basi nikawaambia hela iliyobaki haitoki mpaka msimamizi ateuliwe. Wakafungua shauri, mjomba mwenyewe akawa anafuatilia. Msimu wa korosho ukaisha tukiwa bado. Nyumba niliipata, na kwenye mkataba mjomba ni shahidi wa kwanza. Dalali naye siku hiyo akaibuka kudai asilimia kumi. Nikamwelekeza kwa wauzaji, wakamalizane.

Mzee wa Ng'apa: Lindi tulikuwa na wazimu wa gesi. Mradi wa kusindika gesi ulipotajwa Likong'o, madalali wakaanza kuuza vichaka kwa bei za Dar. Mimi nilionyeshwa kiwanja Mitwero, bikoni za mipaka zipo, kila kitu safi. Nikachukua namba ya kiwanja hadi ofisi ya ardhi ya manispaa. Kwenye mchoro wa mipango miji ni eneo la wazi, si kiwanja. Sikurudi hata kuaga.

Dalali Ligula: Nami niseme, maana mnatusema tupo. Jua la saa saba, pikipiki yetu, mafuta yetu. Mteja akishaona nyumba, usiku anarudi peke yake kwa mwenye nyumba. Ile elfu kumi ya kuonyeshwa nyumba, ambayo wateja huilalamikia, imeletwa na tabia hiyo. Tuandikiane asilimia kabla ya kutoka, uone kama nitaweka cha juu.

Korosho Ghafi: Hapo umesema kweli mkuu. Ila na nyie "bei ya mwisho" muiache.

Mama Shangani: Mwulizeni muuzaji kuhusu mke au mume. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mimi wa kwangu alidai hajaoa, kumbe mke yuko Masasi shambani. Ni jirani aliyenitonya, dalali alijua na akanyamaza. Halafu kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida, ni ya muuzaji. Bila kulipwa, hati haihami jina. Dalali wangu alitaka niibebe mimi.

Mgeni wa Kusini: Ahsanteni sana. Dalali Ligula, nimekuandikia pembeni. Vyumba vitatu, maji ya bomba yawepo, mkataba wetu wa asilimia nimeshauandika. Mama Shangani, ridhaa hiyo uliandikishiwa kwa wakili au serikali ya mtaa?

Mama Shangani: Kwa wakili, na mke alikuja mwenyewe na kitambulisho. Nauli ya Masasi alilipa mumewe.