Siku moja Dar na mzee wa miaka 71 na watoto wawili, nikate nini?

MtotoWaKilakala
Wakuu, salaam. Jumamosi nashuka Dar na SGR kutoka Moro, niko na baba (miaka 71, goti linamsumbua) na binti zangu wawili, 11 na 8. Tunageuza jioni. Nimepanga Makumbusho ya Taifa, Sanamu ya Askari, Kijiji cha Makumbusho, nyumba ya Mwalimu pale Magomeni, halafu bustani yoyote mzee apumzike. Mke wangu anasema hayo si matembezi, ni mbio za mwenge. Mimi Dar naijua Kariakoo tu, nafunga mzigo narudi. Nisaidieni.

Kipilefti
Shemeji kasema kweli. Kata Magomeni, kata na Kijiji cha Makumbusho kule Kijitonyama. Mkishuka stesheni mko karibu na Mnara wa Saa, na hapo ndipo Samora inapoanzia. Ifuateni hiyo hiyo: katikati mtaikuta Sanamu ya Askari, mwisho wake Bustani ya Mimea, na Makumbusho ya Taifa iko jirani, mtaa wa Shaaban Robert. Mzee mchukulie gari, ila njia ni hiyo moja.

Bustani ile Wajerumani waliianzisha 1893 kujaribia mazao. Leo faida yake kubwa ni kivuli.

dada_wa_posta
Tahadhari moja! Usimwambie dereva "Makumbusho" ukanyamaza. Atakupeleka stendi ya Makumbusho, Kijitonyama. Mdogo wangu alikuja na wageni wake kuona fuvu la Zinjanthropus, akajikuta katikati ya makonda wanaita Posta, Posta. Sema "Makumbusho ya Taifa, Posta, karibu na Bustani ya Mimea". Na beba kitambulisho, raia kiingilio chake ni cha chini.

Mzaramo_Asilia
Napinga kidogo. Watoto wa umri huo mabango ya kusoma yanawachosha. Kule Kijijini wanaingia ndani ya msonge wa Wahaya na tembe la Wagogo, wanainama mlangoni, wanagusa ukuta. Hicho hawakisahau.

dada_wa_posta
Ndugu yangu, goti la mzee umelisoma? Hata Posta watoto hawakosi kitu. Fuvu lenyewe, alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, lina magego ambayo wakiyaona lazima wajishike mashavu. Magari ya zamani ya viongozi yapo pia. Ila kwenye kumbukumbu ya shambulio la ubalozi wa Marekani, 7 Agosti 1998, watauliza maswali, jiandae.

MtotoWaKilakala
Asanteni. Nimemsomea mzee majibu yenu. Kasema fuvu mwone ninyi, yeye anakwenda kwa sanamu. Hili sikuwa nalijua: babu yake alichukuliwa kubeba mizigo vita ya Mjerumani na Mwingereza, hakurudi. Kaburi halijulikani. Sasa swali langu limebadilika: pale pana cha kumhusu mpagazi, au ni askari tu?

Kipilefti
Pana, mkuu. Juu ni askari na bunduki, singe imeelekea bandarini, na watu wengi hupiga picha hiyo wakaondoka. Shusheni macho chini kwenye maandishi. Yapo na ya Kiswahili, na wapagazi wametajwa humo kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Sanamu hii imesimama tangu 1927. Kabla yake palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, Waingereza wakaiondoa walipoutwaa mji 1916. Wazee wa mjini hapo wanapaita Bismini hadi leo.

Muanzie hapo, asubuhi, kabla magari hayajajaa. Ni kipilefti, kuvuka na goti bovu si mchezo. Na msimharakishe.

Mzaramo_Asilia
Kwa hili narudisha maneno yangu. Kijiji kitasubiri.

MtotoWaKilakala
Basi ni sanamu kwanza, bustani akae, halafu makumbusho. Binti mkubwa keshasema yeye ndiye atakayemsomea babu yale maandishi, miwani ya mzee siku hizi haifui dafu.