Wanaohamia Uingereza na Marekani: vipimo gani vya presha na kisukari wafanye wakiwa bado Nairobi?

ZamuYaUsiku, Nairobi West
Habari wanajukwaa. Tunaandaa karatasi ya maelezo kwa wauguzi na walezi wa wazee wanaosafiri. Kwa viza ya Uingereza wanapimwa kifua kikuu. Presha na sukari hakuna anayeuliza. Inasemekana Waafrika hufika huko wazima, kisha miaka michache baadaye wako kwenye dawa. Ni kweli ama ni maneno ya mtaani? Na mtu abebe vipimo gani? Wengi wana miaka 25 hadi 40.

Mlishe_Ngara
Ni kweli, ila usianzie hesabu uwanja wa ndege wa JKIA. Miaka ya themanini watafiti waliwafuata Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kuja Nairobi, na matokeo yakachapishwa 1990: ndani ya mwezi wa kwanza tu presha yao ilikuwa juu kuliko ya waliobaki nyumbani. Mkojo ulionyesha sodiamu imepanda ikilinganishwa na potasiamu, na uzito uliongezeka. Kwa hiyo aliyekulia hapa jijini anapanda ndege akiwa ameshaanza safari hiyo.

Ulaya inaongezea. Utafiti wa RODAM uliwalinganisha Waghana wa kijijini, wa mjini, na wanaoishi Amsterdam, Berlin na London. Kisukari kwa wanaume kilikuwa asilimia 3.6 kijijini na 15.3 Berlin. Jeni ni zile zile, kilichobadilika ni maisha.

Chumvi ya huko haiko kwenye kikopo cha mezani. Iko kwenye mkate, soseji, supu ya kopo na vyakula vya kupasha moto baada ya zamu. Wafundishe kusoma kibandiko: chumvi ikizidi gramu 1.5 kwa kila gramu 100, acha, gramu 0.3 kushuka chini ni sawa. Kwa siku nzima WHO inataka chini ya gramu 5, kijiko cha chai kisichojaa. Sukuma wiki na maharagwe yakipungua sahanini, potasiamu nayo inapungua, na hapo chumvi ile ile inaumiza zaidi.

Maabara_254
Upande wa vipimo, kuna mtego kwenye HbA1c, ile sukari ya miezi mitatu. Inategemea chembe nyekundu za damu ziishi umri wake wa kawaida. Mtu mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu) chembe zake hufa mapema, basi jibu linasoma chini kuliko hali halisi. Anayebeba nusu ya selimundu, yaani jeni yake kutoka kwa mzazi mmoja tu (wako wengi magharibi na Pwani), anaweza pia kusomwa chini, na mashine nyingine hukosea kabisa. Upungufu wa madini ya chuma, ambao akina dada wengi wanao, huelekea kuipandisha. Daktari wa ng'ambo akiona asilimia 5.6 hatajua hayo usipomwambia.

Kwa hiyo fanyeni vitu vitatu pamoja: HbA1c, sukari baada ya kufunga kula kwa muda wa saa 8, na picha kamili ya damu. Ongezeni kipimo cha selimundu kama hakijawahi kufanywa. HbA1c na sukari ya kufunga zikipingana, ombeni kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi na kupima tena baada ya muda wa saa 2.

Namba pia hubadilika sura. Uingereza huandika HbA1c kwa mmol/mol: asilimia 6.5 yetu ni 48 yao. Marekani huandika sukari kwa mg/dl, zidisha yetu ya mmol/l kwa 18, hivyo 7.0 ni 126. Halafu asilimia 5.8 inaitwa dalili ya awali ya kisukari Marekani (wanaanzia 5.7), lakini Uingereza haijafika, maana wao wanaanzia 42, yaani 6.0.

ZamuYaUsiku
Asante sana. Akishafika je? Kuna uchunguzi wa bure?

Sista_Kawangware
Uingereza ajiandikishe kwa GP (daktari wa familia) wiki ya kwanza. Ni bure, na kukosa hati ya anwani si sababu ya kukataliwa. Uchunguzi wa kawaida wa NHS (huduma ya afya ya serikali) huanza miaka 40, ndiyo maana vijana wenu wanapitwa. Lakini mwongozo wa NICE (taasisi inayoandika miongozo ya matibabu huko) unataka Waafrika weusi wa miaka 25 hadi 39 nao wapimiwe hatari ya kisukari. Aombe kwa jina hilo. BMI yake (uzito ukilinganishwa na urefu) ihesabiwe kwa mpaka wetu Waafrika weusi: uzito wa kupita kiasi kuanzia 23, si 25, na unene kuanzia 27.5. Njia rahisi zaidi ni utepe: kiuno kisifike nusu ya urefu. Mwenye sentimita 164 abaki chini ya 82.

Presha apime nyumbani, mashine ya mkono wa juu, akae dakika 5, mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, siku 4 hadi 7. Siku ya kwanza haihesabiwi. Wastani wa 135/85 kwenda juu umwone daktari. Kosa la kawaida ni kupima mara tu baada ya zamu ya usiku na chai ya rangi mkononi.

Akianzishiwa dawa ya presha, kwa mtu mweusi asiye na kisukari kwa kawaida wanaanza na amlodipini. Na dawa England zina malipo kwa kila aina. Mwenye kisukari cha kumeza dawa ajaze fomu FP92A asilipe. Presha peke yake haimo kwenye msamaha huo, labda anunue cheti cha kulipia mapema.