Abiria wa mchomoko kavunjika mguu Usagara, bima ipi inalipa?

Wa_Igoma:
Habari wakuu. Lori limegonga mchomoko (gari dogo la kubeba abiria kwa nauli) kwa nyuma pale Usagara, Mwanza. Binamu yangu alikuwa abiria, kavunjika mguu, kalazwa hospitali ya Bugando. Lori lina bima kubwa (comprehensive), mchomoko una ndogo (ya mtu wa tatu, third party). Mwenye mchomoko anasema bima ndogo haihusu abiria. Dereva wa lori anataka tumalizane kwa laki 3. Tushike wapi?

Madai_Nyegezi:
Mkuu, usianze na kubwa au ndogo, anza na nani mwenye kosa. Kwa majeraha ya watu wengine zote mbili zinahusika. Kubwa inaongeza hasa matengenezo ya gari la mwenye bima. Trafiki wakithibitisha lori ndilo lenye kosa, mnadai kampuni iliyolikatia lori bima. Kwa bima ya lori, binamu yako ni mtu wa tatu, yaani mtu wa nje aliyeumizwa na gari lenye bima, hata kama mchomoko usingekuwa na bima kabisa.

Mwenye mchomoko kasema nusu ya ukweli. Sheria ya Bima ya Magari, Sura 169, inalazimisha gari la nauli liwe na bima inayohusu abiria wake. Ila michomoko mingi imekatiwa bima ya gari binafsi kwa kuwa ni nafuu, na kampuni ikigundua ilikuwa inabeba nauli, inakataa. Hilo lingewaumiza kama kosa lingekuwa la mchomoko.

Laki 3 msiguse. Mkisaini makubaliano pembeni, kampuni itayatumia kuwakatalia.

Bi_Kirumba:
Naongezea karatasi, maana madai mengi hukwama hapo. Hakiki namba ya lori kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka inayosimamia bima) mtandaoni, utaona kampuni na tarehe za bima. Usiamini stika peke yake. Kisha PF3, fomu ya polisi ya majeruhi. Dharura inatibiwa kwanza, lakini fomu ifuatilieni mapema, na jina lisomeke sawasawa na la kitambulisho cha NIDA. Herufi moja ikipishana, faili linarudi. Polisi waombeni taarifa ya ajali na ramani ya tukio, na dereva akitiwa hatiani, nakala ya hukumu.

Risiti zote ziwe halisi, zenye jina la mgonjwa. Kampuni kwa kawaida hailipi hospitali moja kwa moja, inafidia baadaye. Kipato kilichopotea nacho kinadaiwa: kama anauza dagaa Mwaloni, leteni daftari la mauzo au miamala ya simu.

Wa_Igoma:
Asanteni. Dereva wa lori naye kaumia, atalipwa na bima hiyohiyo?

Madai_Nyegezi:
Kwa majeraha yake mwenyewe, hapana, sehemu ya mtu wa tatu haimhusu. Kama ni mwajiriwa na alikuwa kazini, mwajiri wake apeleke taarifa WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi).

Halafu binamu asisaini hati ya kumaliza madai kabla mfupa haujaunga na daktari hajaandika asilimia ya ulemavu wa kudumu. Akishasaini, chuma kilichowekwa mguuni kikihitaji kutolewa mwakani, gharama ni juu yake. Haraka ya nini? Kesi ya madhara ina miaka 3 ya kufunguliwa mahakamani. Kampuni ikizungusha, nendeni TIRA Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.