Bendi za magitaa za Uingereza kabla ya kuvuma

Mpiga besi, Ngamiani: Wakuu, vijana wa huku Tanga wanaanzisha bendi. Beatles walijifua vipi?

Mzee wa Solo: Jukwaani, mdogo wangu. Agosti 1960 walianza klabu ya Indra, Hamburg, Ujerumani: masaa manne na nusu kila usiku, sita Jumamosi. Koo hukauka, ndiyo maana waliimba kwa kupokezana. Bendi yenye mwimbaji mmoja isikubali zamu ndefu hivyo. Na kwa upepo huu wa bahari nyuzi hushika kutu upesi: kila mkimaliza futeni kwa kitambaa kikavu, hadi chini ya uzi. Akiba wekeni zaidi uzi wa kwanza, mwembamba, ndio hukatika.

Binti Chumbageni: Naongezea jaribio lao kwa Decca, kampuni ya kurekodi muziki, 1 Januari 1962: walirekodi nyimbo 15, zao wenyewe 3 tu. Wakakataliwa. Tungeni zenu mapema!

Mzee wa Solo: Kweli kabisa. Arctic Monkeys wa Sheffield nao waligawa CD bure kwenye shoo, mashabiki wakazisambaza kwenye intaneti. Oktoba 2005 wakashika namba 1 Uingereza. Mkigawa chochote, jina na simu viandikwe juu ya CD yenyewe. Kasha hupotea.